Hodi Saa ya Mapumziko

Kabla hapajapambazuka, jikoni kulisikika kijiko kikikoroga chai taratibu mno. Kiligusa kikombe, kikanyamaza, kikagusa tena. Alikuwa Bibi. Alikuwa akijitahidi asimwamshe mjukuu wake, na kwa kujitahidi huko kijiko kililia kuliko siku zote. Mjukuu alikuwa macho zamani. Alilala chali gizani akisikiliza, akifikiri kuwa kesho kijiko kile kitalia na yeye hayupo.

"Bibi, koroga tu. Nimeshaamka."

"Umeamka, au nimekuamsha?"

"Nimeamka mwenyewe."

"Muongo mkubwa. Njoo unywe."

Siku hiyo alikuwa akienda kuanza kidato cha tano katika shule ya bweni, mbali na nyumbani. Shule yake ya zamani iliishia kidato cha nne, na nafasi za sayansi kwingine kote zilikuwa zimejaa. Hii ilimchukua kwa sababu moja tu, kitanda. Mwalimu mkuu alimwambia mama yake kwenye simu, "Kimebaki kitanda kimoja, mlete. Kitanda kikikosekana, mama, hata mtoto awe na akili za kumwaga, siwezi." Mama akashukuru mpaka simu ikakatika, na hata ilipokatika akaendelea kushukuru.

Mama mwenyewe hakuwepo asubuhi ile. Alikuwa zamu kwenye kiwanda cha mikate. Lakini alikuwa ameacha mkate mezani, ameukata vipande na kuufunga tena vizuri, ili mtoto asihangaike kuumegamega ndani ya basi.

Bibi alimsindikiza hadi barabarani. Hakuwa mtu wa mawaidha marefu. "Ukifika kwa watu piga hodi, usiingie kama mbuzi," alisema. "Na ukisikia hodi, itika. Hodi ya mtu hainyamaziwi."

"Bibi, hayo nayajua tangu nina meno mawili."

"Basi yakumbuke ukiwa na yote."

Alifika shuleni baada ya chakula cha mchana, saa ya mapumziko, jua likiwa jeupe juu ya mabati. Wanafunzi wote walikuwa vitandani kwa amri. Kulikuwa kimya hata ungesikia mabati yakitanuka kwa joto. Mlinzi wa getini, mzee mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, alimbebea sanduku lake la bati begani. Walipofika mwanzo wa ujia wa bweni akalitua.

"Mimi naishia hapa," alisema. "Chumba cha mwisho. Sukuma mlango uingie."

"Bila hodi, babu?"

Mlinzi akaitazama ile korido kwanza. "Sukuma tu, binti yangu."

Alilibeba sanduku mwenyewe mpaka mlangoni. Ndani alisikia wasichana wanacheka. Kusukuma mlango wa watu kulimshinda, maana mkono unafuata ulivyolelewa. "Hodi," akasema.

Kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Hodi wenyewe."

Hakuitikiwa. Alijua wapo. Alisikia kitanda kikilia mara moja na kunyamaza, kama mtu aliyetaka kujigeuza akaghairi. Akapiga ya tatu. Akahisi aibu ikimpanda usoni, ile aibu ya mtu aliyesimama mahali pasipomtaka. Mwishowe akasukuma.

Wasichana wawili walikuwa juu ya kitanda kimoja wamekumbatiana, mmoja ana kitana kimeganda kichwani. Mwenzake, mrefu, akainuka polepole, akamsogelea, akamgusa mkono kwa ncha ya kidole.

"Ana joto," akasema.

"Kweli?"

"Na jasho juu. Ni mtu."

"Ni mtu wa kidato cha tano," mgeni akasema. "Nimeambiwa chumba cha mwisho."

Wakacheka mpaka wakaanguka kitandani, kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu. Yule mrefu alikuwa Kiranja wa bweni. Mwenye kitana walimwita Mapozi, kwa kuwa alikuwa akipiga pasi hata leso ya kufutia jasho.

"Samahani, mgeni," Kiranja alisema. "Hapa hatupigi hodi. Gonga, ita jina, kohoa, imba ukipenda. Neno hilo tu ndilo hatulitumii."

"Kwa nini?"

"Utazoea."

Walikuwa watu wema. Kiranja alimfungia chandarua bila kuombwa, Mapozi akamwazima kufuli lake la ziada. Lakini baadaye, alipokuwa akitandika chini ya dirisha, alitambua kwamba tangu aingie hakuna aliyemwambia karibu. Hakuna aliyemuuliza jina wala habari za safari. Walimwita Mgeni, na Mgeni likashika, kwanza chumbani, kisha darasani, kisha hata kwa mpishi.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne. Cha nne, kando ya mlango, kilikuwa mbao tupu, hakina godoro, kimerundikwa masanduku.

"Hiki nacho si kitanda?" aliuliza. "Nimeambiwa kilibaki kimoja tu."

"Hicho hakihesabiwi," Kiranja alijibu, akaanza kuzungumzia ratiba ya kuoga.

Masomo yalikuwa magumu lakini aliyapenda. Kilichomshinda ni kukaa na watu. Wenzake wote walikuwa pamoja tangu kidato cha kwanza. Mtu akisema "bakuli la bluu" darasa zima lilicheka, na yeye alitabasamu kidogo ili asionekane amenuna. Mwalimu wa kemia alikuwa mkali wa kurusha chaki. Siku moja chaki ilipotua dawatini kwake karibu afurahi, kwa kuwa angalau chaki ilikuwa imemwona.

Hodi ilikuja mchana mmoja, saa ya mapumziko. Alikuwa amezama katika ule usingizi mzito wa baada ya chakula, akiota yuko nyumbani, Bibi anachambua kitu kwenye ungo.

"Hodi," mtu akasema nje ya mlango.

Ilikuwa sauti ya msichana, ya upole, ya mtu aliyefunzwa. Mapozi akaacha kupumua. Kiranja akaweka kidole mdomoni na kumtazama Mgeni, lakini macho ya Mgeni yalikuwa yamefumbwa.

"Hodi hapa."

Hawakusogea. Hivyo ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia chumba kile: nyamaza, atakwenda. Na miaka yote alikwenda.

"Hodi."

"Karibu," Mgeni akaitika usingizini, kama alivyoitika tangu ajue kusema. "Karibu ndani."

Mlango haukufunguka. Ila pazia la dirishani, lililokuwa limetulia kabisa, lilivutwa kidogo kuelekea ndani, kama linavyovutwa mtu anapoingia. Ikaja harufu ya nguo ya shule iliyolowa mvua. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Kisha mbao za kitanda cha nne zikalia, moja, na nyingine, taratibu, kama za mtu anayekaa ukingoni kwa sababu hajaambiwa akae vizuri.

Mgeni akafumbua macho. Wenzake walikuwa wakimtazama yeye, si kile kitanda.

"Umefanya nini?" Kiranja akanong'ona. "Umefanya nini wewe?"

Tangu hapo hawakuwa watatu. Soksi za Mapozi zilitoka kambani zimekauka, zikifika chumbani zinakuwa mbichi. Kurasa za vitabu zilivimba. Sakafu kando ya mlango ilikuwa na alama ya duara la maji, kama mtu ameweka ndoo akaiondoa, na ukiifuta inarudi. Na kila saa ya mapumziko mbao zililia, kidogo tu, kwa adabu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mapozi alisema, akijaribu kucheka. "Huyu wako ana siku ngapi?"

"Mpe wewe hilo jembe," Kiranja akamwambia.

"Mimi? Nimpe nikiwa nimesimama wapi?"

Walijaribu. Kiranja alisimama katikati ya chumba kwa sauti yake ya ukiranja akasema, "Toka, chumba kimejaa." Mbao zikalia, na wote walielewa mlio ule. Alikuwa amejisogeza ukingoni zaidi ili asichukue nafasi. Hilo liliwatia baridi kuliko kama angerusha kitu. Mapozi akachukua ufagio, akafagia kutoka dirishani mpaka nje, akaacha mlango wazi. Usiku ule miguuni pa kitanda cha Mgeni kulikuwa na unyevunyevu, na godoro limebonyea kidogo, kama mtu aliyefukuzwa kwingine amekuja kukaa kwa yule pekee aliyemkaribisha.

Kesho yake Kiranja alimvuta kando bombani.

"Sikuchukii," alisema. "Lakini silali, na mtihani ndio huo. Wewe ndiye uliyemwitikia. Pengine ukitoka atatoka nawe. Jumamosi nitamwambia Matroni akuhamishe."

"Vyumba vyote vimejaa, Kiranja. Unajua."

"Najua."

"Basi hunihamishi. Unanirudisha nyumbani."

Kiranja aliangalia maji yakijaa ndooni. Yalipojaa aliyabeba yeye, ndoo zote mbili, ya kwake na ya Mgeni, mpaka mlangoni. Lakini neno lake hakulirudisha.

Mgeni alimfikiria mama yake anavyoshukuru kwenye simu iliyokatika. Akaenda kwa Matroni.

Matroni alikuwa stoo akikunja mablanketi. Hakumuuliza shida yake nini. Alichagua blanketi moja, akalinusa, akampa. "Chukua hili kavu. Mapozi amekuja kuomba mara mbili, na Mapozi si mtu wa kuomba. Ni nani ameitika?"

"Mimi. Nilikuwa usingizini."

"Ee." Matroni akavuta blanketi jingine. "Alikuja kama wewe, kuanza kidato cha tano. Mvua ilikuwa kubwa tangu asubuhi. Saa ya mapumziko. Wasichana wa chumba kile walijifungia wakisukana, na kusukana saa ile ni kosa. Wakasikia hodi. Wakadhani ni matroni wa wakati huo. Wakanyamaza."

"Hakuna mwingine aliyemsikia?"

"Tulimsikia mpaka jikoni. Mimi nilikuwa naosha masufuria. Sauti nzuri, hodi ya mtu wa kwao. Kila mmoja wetu alijua watamfungulia wenye chumba." Akanyoosha pembe za blanketi. "Mwishowe akaacha sanduku mlangoni, akarudi. Labda alidhani hatakiwi. Kulikuwa na njia ya mkato nyuma ya jiko, inapita korongoni. Korongo lilikuwa limejaa. Sisi tulikuta sanduku tu."

Walikunja pamoja kwa muda, kila mmoja kashika upande wake.

"Matroni, sasa anataka nini?"

"Hata mimi sijui, mwanangu. Wewe siku ulipofika ulitaka nini?"

Mgeni hakuhitaji kufikiri sana. "Niulizwe habari za safari," alisema, na akashangaa kwamba machozi yalikuwa karibu hivyo.

Mchana ule, saa ya mapumziko, alianza kushusha masanduku kutoka kitanda cha nne.

"Unafanya nini?" Kiranja akauliza.

"Tumemkaribisha mtu tukamwacha ukingoni, katikati ya mizigo. Hata kwetu hatufanyi hivyo."

Mapozi alijifunika shuka, akajifunua, akaja kushika upande wa pili wa sanduku kubwa. "Mimi simo," alisema. "Nabeba tu."

Mgeni akatandika lile blanketi kavu juu ya mbao. Akakaa kitandani kwake, mikono mapajani, kama Bibi anavyokaa mbele ya wageni. Harufu ya nguo mbichi ikaja. Mbao za ukingoni zikalia.

"Karibu ukae vizuri," alisema. Sauti yake haikuwa yake. "Pole na safari."

Mbao za katikati zikalia, na blanketi likabonyea, sawasawa, kama mtu ameketi kwa raha.

"Habari za huko utokako?"

"Nzuri," sauti ikasema, karibu mno. "Mvua tu."

Mapozi akauma mto. Mgeni alijua kwamba akinyamaza sasa atakuwa kama wale waliotangulia.

"Umetoka mbali?"

"Mbali."

"Umekuja kusoma nini?"

"Fizikia, kemia na biolojia."

"Kama mimi."

"Mwalimu wa kemia yukoje?"

"Mkali. Anarusha chaki."

"Anapata?"

"Hapati."

Kikasikika kicheko kidogo, kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Hata Kiranja, aliyekuwa ameganda ukutani, midomo ilimcheza. Waliongea vitu vya hivyo hivyo, mambo ya bweni, chakula, nani anakoroma. Blanketi lilikuwa likigeuka rangi polepole kwa maji. Halafu sauti ikasema, "Basi, naomba nikuage."

Mbona mapema, kaa kidogo. Maneno yalimfika Mgeni ulimini yenyewe, maana hakuna mgeni anayeruhusiwa kwenda bila kubembelezwa. Midomo ilikwisha fumbuka. Akamwona Kiranja anamtazama kwa macho kama sahani, akayameza maneno yale kama mtu anavyomeza mwiba wa samaki.

"Basi nikusindikize," alisema.

Walitoka. Koridoni nyayo mbichi zilitembea kando ya zake, kila moja ikikauka nyuma ya nyingine. Nyuma ya jiko mlinzi alikuwa ameketi kivulini. Akatazama chini, akaona nyayo jozi mbili na mtu mmoja. Alivua kofia, akafungua kijilango cha uani bila kuuliza, akasimama pembeni kama mtu anayepisha wakubwa.

Njia ilikuwa nyembamba, nyasi kavu pande zote. Walipofika kwenye kona Mgeni akasimama. Msindikizaji hafiki, hata mtoto anajua.

"Mimi niishie hapa."

"Kidogo tu," sauti ikasema.

Akasogea kidogo. "Basi hapa."

"Kidogo tu. Ni hapo."

Kitu baridi kikamshika mkono, vidole kwa vidole, kama wanavyoshikana marafiki wakitoka bombani. Aliliona korongo mbele. Lilikuwa kavu, mawe na chupa za plastiki. Lakini alisikia maji, mengi, yakipita kwa nguvu, na viatu vyake vilikuwa vimeanza kulowa.

"Hapana, mwenzangu," alisema. "Nina kipindi. Nina kitanda, nikichelewa nitakikosa."

Mkono haukumwachia. Haukumvuta kwa ubaya. Ulimshika tu kama mtu asiyetaka kutembea peke yake tena, na ukingo wa korongo ukawa karibu zaidi bila yeye kujua ni nani aliyepiga hatua. Alitaka kuita, akagundua kwamba hana wa kumwita kwa jina akaitikiwa.

"Ngojeni."

Ni Kiranja, ndala mkononi, anahema. Nyuma yake Mapozi, sketi yake ya pasi imejaa mbegu za majani. Kiranja akaushika mkono wa pili wa Mgeni, akaubana. Kisha akaongea na hewa iliyo mbele yao, na safari hii haikuwa sauti ya ukiranja.

"Dada, tusamehe. Hodi yako tulikuwa tunaisikia. Waliotutangulia waliisikia, na sisi tuliisikia. Tuliogopa tu."

"Pole kwa kusimama," Mapozi akasema, akilia. "Pole sana, dada."

Maji yakaendelea kupita kwa muda. Halafu yakapungua, kama mvua inavyokwenda mtaa wa pili, na vidole vile baridi vikalegea, kimoja kimoja.

"Twende," Kiranja alimwambia Mgeni. "Kitanda cha dirishani ni chako. Jumamosi sina neno la kumwambia Matroni." Na baada ya hatua chache, bila kumtazama, "Karibu chumbani kwetu. Tumechelewa kukwambia."

"Na sisi tukuite nani?" Mapozi akauliza, akijifuta kwa ile leso iliyopigwa pasi. "Kila siku Mgeni, Mgeni. Huna jina?"

Akawaambia. Wakalirudia wote wawili, mmoja akakosea, akalirudia tena mpaka akalipata. Kengele ya mwisho wa mapumziko ikagonga, wakaanza kupanda njia kwa haraka, wameshikana.

Kutoka korongoni nyuma yao, sauti ikamwita kwa jina hilo hilo, kwa upole, bila kulikosea.

"Sasa umepajua kwangu," ikasema. "Usipotee. Njoo tena."